Zamu ya Usiku, Wodi ya Wazazi

Amejifungua, wanasema huko nje,
na simu zinalia kuanzia Igombe hadi Nansio:
Wa kike au wa kiume? Kilo ngapi? Kafanana na nani?

Mimi nimeshika tumbo la Nkwimba
chini ya kitovu, kwa kiganja,
nakitafuta kizazi kama mtu anayetafuta embe bichi
ndani ya gunia la pamba.
Kikiwa kigumu, nashukuru.
Kikilegea, nasugua.

Kimelegea.

Umeme ulikatika tangu saa nane.
Mbalu, aliyekuja kupiga deki tu,
amesimama na tochi ya simu, mkono hautetemeki,
midomo ndiyo inayotetemeka.
Nasugua. Mduara, mduara,
kama mama alivyosaga ulezi juu ya jiwe kule Kayenze,
bila hasira, bila kupumzika.
Sindano imeshaingia pajani. Dripu inatiririka.
Kanga ya kwanza imelowa. Nahesabu.
Ya pili. Nahesabu.

"Nkwimba, nitazame. Nitajie wadogo zako."
"Kulwa," anasema.
"Doto."
"Na aliyefuata mapacha?"
Kimya, kirefu kama barabara ya Magu mwezi wa nane.
Dirishani wadudu wa ziwani wanagonga kioo
kana kwamba nao wana mgonjwa humu.
"Aliyefuata mapacha, Nkwimba!"
"Shija," ananong'ona,
na chini ya kiganja changu kitu kinajikaza,
kinakuwa jiwe,
jiwe dogo la Mwanza, la ukubwa wa ngumi,
ninaloliamini kuliko yale makubwa
wageni wanayopiga nayo picha.

Kujifungua ni nusu ya neno.
Fundo likifunguka, mzigo hushuka, watu hushangilia mzigo.
Na kamba je?
Nani anainama kuiokota sakafuni,
anaifua, anaianika,
akijua kesho itatakiwa tena kufunga kuni?

Alfajiri, Bi Holo, mama mkwe, anaingia
na chupa ya uji wa ulezi wenye ukwaju
na ndoo ya maji yanayotoa moshi.
"Uji, karibu," nasema. "Maji hayo yabaki nje.
Yatamuunguza, na hatukandi tumbo hapa."
"Sisi tulikandwa, mwanangu, na tulipona."
"Waliopona ndio wanaosimulia, mama."
Ananitazama.
Anaitazama ndoo.
Sijui amemkumbuka nani,
lakini anaitua chini polepole,
anaketi, anaanza kumimina uji.

Kisha mume, Sospeter, sato wawili mkononi
wanadondosha maji kwenye sakafu ya Mbalu.
"Mtoto yuko wapi?"
"Mke wako yuko pale."
Anasimama katikati ya wodi kama mzigo usio na anwani.
Hajui mikono aiweke wapi.
Nampokea samaki, nampa kikombe:
"Mshikie. Akimaliza, muulize amelalaje.
Halafu nyamaza, umsikilize."

Najaza daftari.
Presha, imepanda kidogo. Damu, kiasi. Kizazi, kigumu.
Maziwa, yameanza, ya njano, mazito, mazuri.
Hakuna safu ya Kulwa na Doto na Shija.
Nayaandika pembeni, kwa penseli.

Saa moja imefika. Zamu yangu imekwisha,
miguu imevimba hadi viatu vinalalamika,
na nyumbani Buzuruga nina wangu wa kuwaamsha shule.
Lakini kitanda cha sita, Leokadia,
siku ya tatu leo, mshono umekauka, joto hana,
karatasi yake safi kabisa,
amegeukia ukuta.
Uji wake umeganda ngozi.
Mtoto analia kando yake
naye anamsikia kama anavyosikia redio ya jirani.

Huyu kiganja changu hakitamtosha.
Naning'iniza koti langu msumarini.
Naburuta kigoda.